Ukuta kwenye mikoko: msiubomoe, waandikieni

Dada, umesema kifusi kinamwagwa kwenye mikoko nyuma ya mtaa wenu huko Mbweni, ukuta umeanza kupanda, na vijana wanataka kwenda kuubomoa usiku. Wazuieni hao vijana. Wakiubomoa, kesi itageuka: mtashtakiwa nyinyi kwa uharibifu wa mali, mikoko isahaulike.

Jambo la kwanza ni maandishi. Mwombeni mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitishe mkutano, mpate muhtasari wenye mahudhurio na sahihi. Kisha barua mbili: moja TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), maana ndio wanaosimamia misitu ya mikoko, nyingine NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), mkiuliza kama mradi una cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Ambatanisheni picha zenye tarehe na namba za malori. Na nakala yenu lazima igongwe muhuri wa kupokelewa; bila muhuri, kesho mtaambiwa barua haikufika.

Mwenye ukuta akitoa hati ya kiwanja, msinywee. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kuwa na hati hakuifuti sheria hiyo. Kifungu cha 5 kinamruhusu mwananchi yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira, hata kama kiwanja si chake.

Diwani mpeni nakala tu. Msimsubiri.