Jibu: Massillon na timu yao ya sekondari

Mkuu, umeuliza ilikuwaje sekondari ya mji mdogo kama Massillon, Ohio, ikawa na jina kubwa hivyo kwenye futiboli ya Kimarekani. Anza na Paul Brown, kijana aliyesoma shule hiyohiyo, akarudi kuinoa timu 1932. Hadi anaondoka 1940 alishinda mechi 80, akapoteza 8, sare 2. Uwanja wa 1939 unaingiza zaidi ya watu 16,000, karibu nusu ya mji! Na kwa miaka mingi, mtoto wa kiume akizaliwa pale mashabiki walimwekea kimpira kitandani (wa kike je?). Upinzani na timu ya Canton, mji jirani, ni wa tangu 1894. Cha ajabu, ubingwa wa jimbo kwa mtoano waliupata 2023 tu. Ule wa zamani ulikuwa wa kura za waandishi wa habari.