Kuangalia ndege Kisumu: si lazima uende Nakuru

Kuna mwenzetu ameuliza, amehamia Kisumu juzi juzi, anapenda ndege, hana gari wala kamera ya maana, anataka kujua kama ni lazima asafiri mpaka Nakuru, kwenye lile ziwa maarufu kwa ndege, ndio aone kitu. Hapana ndugu yangu. Hapo ulipo kuna ndege ambao Nakuru huwapati kabisa.

Anza na Dunga, ufuo wa wavuvi hapo Kisumu kando ya Ziwa Victoria. Panda boda mpaka bichi, fika alfajiri kabla upepo haujaanza kuchafua ziwa, na usikimbilie boti. Simama kwanza pale wavuvi wanaposhusha samaki, hapo tu utaona makorongo wale wakubwa wenye upara wakigombania matumbo ya samaki, fundichuma, yangeyange, na yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mbawa halafu anajitupa majini kama jiwe.

Ukishatosheka hapo ingia sasa kwenye mafunjo, yale majani marefu ya kinamasini, maana utamu wa Kisumu wote uko huko. Kuna gonoleki wa mafunjo, mgongo mweusi, tumbo jekundu la kuwaka, utosi wa manjano, na haishi kokote ila kwenye mafunjo ya huku kwetu kuzunguka Ziwa Victoria na maziwa mengine machache ya jirani. Utamsikia muda mrefu kabla hujamwona, dume na jike wanajibizana mpaka unadhani ni ndege mmoja. Kwa hiyo bainokula isikuumize kichwa sana mwanzoni, fundisha masikio. Na uchukue kijana wa pale pale Dunga akutembeze, wako vijana wanaofanya kazi hiyo kwa mtumbwi na wanajua kila mlio, mkubaliane bei kabla hamjatoka. Hiyo pesa mimi huwa naona ni ya maana kuliko kiingilio chochote, kwa sababu mafunjo yanakatwa, yanachomwa, yanageuzwa mashamba, na mtu anayepata riziki kwa ndege atakuwa wa kwanza kupiga kelele moto ukiwashwa.

Kuhusu vikundi, hapo Kisumu kuna Lake Victoria Sunset Birders, watafute. Pia jiunge na Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira na viumbe, wana wanachama nchi nzima, na siku ukiwa Nairobi katikati ya wiki kuna matembezi yao ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho, yapo tangu 1971, mgeni anakaribishwa na hakuna anayekucheka kwa kutojua shomoro. Halafu kila Januari kuna hesabu ya ndege wa majini, watu wa kujitolea wanagawanywa makundi kwenye maziwa, hii usikose ukipata nafasi maana ukikaa asubuhi nzima na mtu mzoefu mnahesabu bata na membe unajifunza vitu ambavyo peke yako vingekuchukua miaka. Siku ya ndege wanaohama nayo ni Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, ukiwa mwalimu au una watoto hiyo ndio siku ya kuwaleta.

Kitu ninachokuomba sana ni uandike unachoona. Kwenye simu weka BirdLasser, programu ya kuandikia ndege, ndio inatumika kupeleka taarifa Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa nchi nzima. Nchi imegawanywa miraba ya kama kilomita tisa kwa tisa, wewe unatembea angalau saa mbili ndani ya mraba wako ukiandika kila ndege kwa mpangilio uliomwona, hata kunguru, hata njiwa wa dukani. Watu wengi wanaandika wale adimu tu na hapo ndipo tunapoteza, kwa sababu siku mtu akitaka kujaza kinamasi udongo akisema hapakuwa na kitu, tutahitaji orodha zenye tarehe, picha moja nzuri ya gonoleki haitatosha.

Oktoba mpaka Aprili ndio wageni wa Ulaya na Asia wapo, mbayuwayu na vitwitwi wamejaa ufukweni.

Ukishazoea Dunga nenda Yala, kinamasi kikubwa zaidi cha mafunjo Kenya, upande wa Ziwa Kanyaboli. Huko tenga siku nzima, lala Siaya usiku wa kuamkia, na uulize kuhusu nzohe, swala wa kinamasini, ukiwa na bahati na mtumbwi ukienda kimya utamwona asubuhi sana. Ukipanga kwenda sema hapa, mimi niko tayari tuchange mafuta.