Kabla ya kambi, zimeni spika

Mmeuliza kama watoto wenye usonji (autism) wafunguliwe kambi zao za sayansi na sanaa wakati wa likizo, zisizo na kelele wala taa kali. Nilipoanza kuandika jibu langu lilikuwa hapana. Watoto hawa tumewaficha vya kutosha. Hapa Kisumu, kuanzia Nyalenda hadi Mamboleo, mgeni akibisha hodi wao hupelekwa chumba cha nyuma, na kambi yao peke yao naiona kama chumba kingine cha nyuma. Kinachowafukuza kwenye shughuli za wenzao ni spika. Kisumu hii, ni sherehe gani ya watoto isiyokuwa na emsii?

Likizo moja ya Agosti dada yangu alimwandikisha mwanawe kambi ya sayansi hapa mjini, nami nikaenda kukaa naye. Ukumbi wa mabati, spika mbili mbele, jenereta inanguruma dirishani, na kabla ya kila jaribio lazima kuimba. Walipomimina siki kwenye magadi na povu likapanda, ukumbi mzima ukapiga mayowe. Kijana wetu akaziba masikio, akaingia chini ya meza, kisha akatoka mbio.

Nilimkuta nyuma ya jikoni. Mama mpishi alikuwa akihamisha maji kwa mpira kutoka kwenye mtungi hadi kwenye ndoo. Alikuwa amenyonya mara moja tu, maji yakawa yanakwenda yenyewe. Mtoto akashika ncha ya mpira akaiinua kidogo kidogo. Maji yakapungua, na ncha ilipofika usawa wa maji ya mtungini, yakakoma. Akaishusha, yakatiririka. Akainua tena. "Yamesimama," akasema, na tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo. Yule mama hakumwuliza kitu. Aliuinua mtungi akauweka juu ya kigoda, akarudi kwenye sufuria zake. Mtoto akaona maji yanakimbia zaidi, akacheka.

Kisha mwalimu akaja kumchukua, eti picha ya pamoja. "Ticha, mwache, huku ndiko anasoma," mpishi akamwambia. Hakusikia. Alimshika mkono, na kilio kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Jioni dada yangu aliambiwa asimrudishe, atavuruga wenzake. Ada haikurudishwa.

Sasa nikiyaandika haya, naona kwamba pale jikoni alipata hasa hicho mnachokiulizia: utulivu, muda, na mtu mzima asiye na haraka. Hata Katiba yetu ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataka elimu ya watu wenye ulemavu iwe ndani ya jamii, lakini kwa kadiri inavyomfaa mhusika mwenyewe. Basi zifunguliwe.

Ila msidai karatasi ya daktari. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vipo tangu 1984, lakini wazazi wengi hawajawahi kuvifikia. Ndugu na watoto wa jirani waruhusiwe kuingia. Ada isiwe ya matajiri wa mtaa wa Milimani pekee. Makumbusho ya Kisumu, yenye samaki, nyoka na boma la Kiluo, yangefaa sana asubuhi, kabla mabasi ya shule hayajafika. Na zile kambi za kawaida bado zina deni: zipunguze sauti, na mtoto akitoka ukumbini, atumwe mtu wa kukaa naye huko huko alikokwenda.