Ukitaka Kuuza Kampuni Yako Ndogo ya Filamu, Anza na Mafaili

Nilipouza kampuni yangu tulikuwa watu watatu, kamera mbili, kabati la lenzi na chumba kimoja cha uhariri. Nilidhani nauza vifaa. Mnunuzi alizunguka stoo kama dakika kumi, akaketi, akaomba mafaili ya mikataba. Mafaili hayo ndiyo yaliyokula siku yote iliyobaki.

Vifaa visikupotezee muda sana, ila usivipige bei moja vyote kwa pamoja. Kamera hushuka thamani kila toleo jipya linapotoka. Lenzi nzuri huvumilia: mfumo wa kufungia lenzi wa PL, ulioletwa na ARRI, watengenezaji wa kamera za filamu, mwaka 1982, bado uko kwenye kamera za leo, kwa hiyo lenzi ya zamani iliyotunzwa ina soko. Kila kifaa kiandikie namba yake, saa kilizofanya kazi na tarehe ya matengenezo ya mwisho. Betri iliyochoka iandike imechoka, maana itapimwa tu.

Ugumu uko kwenye haki. Kwa kila filamu unayosema ni yako, mwanasheria wa mnunuzi atataka kuona saini ya mwandishi, ya waigizaji, ya mpiga picha wa kibarua, ya aliyetunga muziki. Katika nchi nyingi mtu asiye mwajiriwa hubaki na hakimiliki ya kazi yake mpaka atie saini kuihamisha, hata kama ulishamlipa. Mimi nilikuwa na filamu fupi moja iliyoingiza fedha kila mwaka. Muziki wake tulikubaliana kwa simu, nikalipa siku hiyohiyo, hatukuandika kitu. Nilionyesha risiti ya malipo. Mwanasheria aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, akanirudishia. Filamu ile ikaondolewa kwenye orodha ya mali, na bei ikashuka. Bado inaniuma. Tafadhalini, karatasi ya saini ibebwe siku ya kazi, pamoja na kamera.

Leseni za muziki na za programu nazo zisome upya: nyingi zimefungwa kwa mwenye akaunti na hazihami pamoja na kampuni.

Halafu fungua kumbukumbu zako uone kama zinasomeka. Chukua kanda za LTO, kanda za sumaku za kuhifadhia data, ambazo namba yake ni kizazi chake: mashine ya LTO-8 husoma LTO-7 lakini haisomi LTO-6, kwa hiyo kabati limejaa kanda na bado mnunuzi asipate picha hata moja. Diski iliyolala rafuni miaka mingi nayo huweza kugoma kuwaka. Nakili kwanza, ndipo utangaze kuuza.

Wateja wangu walikuwa wananipigia mimi, si kampuni. Mnunuzi aliliona hilo mara moja kwenye ankara, na alikuwa na haki kuogopa. Mwaka mmoja kabla nilikuwa nimeanza kumwachia mhariri wangu vikao na wateja, lakini ulikuwa mfupi. Ningeanza miaka mitatu kabla. Majina ya wateja usiyatoe kabla mkataba wa kutunza siri haujasainiwa, hata kama anayeuliza ni rafiki.

Ukiambiwa sehemu ya bei utalipwa baadaye kulingana na kampuni itakavyofanya, dai ipimwe kwa mapato, si kwa faida. Mmiliki mpya ndiye atakayepanga gharama, na faida anaweza kuimaliza kwa kununua kamera tu.

Wafanyakazi waambie wewe mwenyewe, mapema. Watu wa filamu hukutana kila siku kwenye kazi za wengine, na habari husafiri upesi. Mhariri wangu aliisikia kwa mshika taa, katikati ya kazi ya siku tatu. Alimaliza kazi ile vizuri kama kawaida yake, kisha akaja kuniuliza kama meza yake nayo ilikuwa kwenye orodha.