Kutoka kaunta ya spea hadi matangazo ya mtandaoni: kwa nini sikuifunga blogu yangu

Makala yaliyonitoa nyuma ya kaunta ya duka la spea za magari na kuniingiza kwenye kazi ya matangazo ya mtandaoni yalihusu plagi za injini. Niliyaandika usiku mmoja mwaka 2020, kwa simu, chumbani kwangu Kayole, Nairobi, baada ya dereva mmoja wa teksi kurudi dukani kwetu mara tatu kwa wiki moja akiwa na plagi bandia alizouziwa kwingine. Nilieleza mambo matatu ya kuangalia: maandishi yanayofutika ukiyakwaruza kwa ukucha, uzi wa skrubu usio laini, na wosha, ile pete ya chuma, inayochomoka kwa vidole. Nikaweka picha mbili, nikalala.

Blogu yenyewe nilikuwa nayo tangu 2018. Humo nilimwandika baba yangu na miaka yake ya kuendesha matatu, mvua ya Aprili mtaani kwetu, na vitabu nilivyovinunua kando ya barabara. Makala hayo yalisomwa siku moja na marafiki walioona kiungo kwenye WhatsApp, kisha yakanyamaza. Ya plagi hayakusomwa na mtu yeyote siku ya kwanza. Miezi mitatu baadaye yalikuwa yakifunguliwa kila siku na watu nisiowajua, wote wakitokea Google.

Nilitaka kujua wanafikaje, nikajiunga na Google Search Console, ambayo ni ya bure na huonyesha maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kufika kwako. Nilikaa na ile orodha usiku kucha. Karibu hakuna aliyeandika neno "plagi". Waliandika "gari inakataa kuwaka asubuhi", "gari inakula mafuta sana", "mbona gari inarukaruka nikikanyaga". Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja.

Hayo maneno nilikuwa nimeyasikia kwa miaka tisa. Nilifanya kazi Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, na mteja wa spea mara nyingi haji na jina la kitu. Anakuja na maumivu. "Inagonga mbele kushoto nikipita bampu." Wewe muuzaji ndiye unayejua kwamba huyo anahitaji bushi, na kwamba kabla hujamwuzia utamwomba nambari ya chesisi, la sivyo kesho atairudisha. Usiku ule nilielewa kwamba kutangaza biashara mtandaoni ni kazi hiyohiyo: kumsikia mtu akitaja maumivu yake kwa maneno yake, kisha kumfikisha kwenye kitu kinachomfaa.

Ninaandika haya kwa sababu vijana wengi wananiuliza jinsi ya kuhamia kazi hii, na karibu wote wanaanza kwa kudharau walikotoka. Mmoja alikuwa mhudumu wa mapokezi hospitalini kwa miaka sita, akaniambia anaanza sifuri. Dada yangu, umesikia maswali ya wagonjwa kwa miaka sita! Kampuni inayotaka kutangaza kliniki italipa watu wafanye utafiti ili wajue unachokijua bila kufikiri. Yaandike maswali hayo leo kabla hujayasahau. Ukiondoka kazini yanafifia haraka kuliko unavyodhani.

Sikuacha kazi mara moja, na sikushauri uache. Niliendelea dukani miezi kumi na minne zaidi. Niliamka saa kumi na moja asubuhi nikasoma kozi ya bure ya Google ya misingi ya matangazo ya kidijitali, ambayo wakati huo ilikuwa na moduli 26, na jioni nikajaribu niliyosoma kwenye blogu. Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, nao una mafunzo ya bure, na ninawajua watu walioanzia huko. Chukua vyeti hivyo, vina maana. Ila siku ya usaili wangu wa kazi ya matangazo hakuna aliyeniuliza cheti. Waliniuliza, "Umewahi kukuza kitu gani?" Nikafungua laptopu nikawaonyesha takwimu za blogu, mwezi baada ya mwezi, pamoja na makala yaliyoanguka na sababu nilizofikiri ziliyaangusha. Hayo makala yaliyoanguka ndiyo yaliyowafanya wavute viti karibu. Kabla ya kuondoka dukani nilikuwa nimeweka akiba ya kodi ya nyumba ya miezi sita, na nilimwambia mzee mwenye duka mwezi mzima mapema. Aliniombea dua.

Kama una miaka thelathini na zaidi na unahofia kwamba vijana wamekuacha mbali, nikukumbushe jambo moja. Tarehe 1 Julai 2023 Google iliacha kukusanya takwimu kwenye toleo la zamani la Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, na watu wakalazimika kuhamia toleo jipya. Nilikuwa mgeni kazini. Niliwaona wakubwa wangu, watu wa miaka kumi kwenye kazi, wakitafuta ripoti ambayo jana waliipata wakiwa wamefumba macho. Kazi hii humrudisha kila mtu darasani kila baada ya muda.

Sasa niwaambie kosa langu. Mteja wangu wa kwanza wa pembeni alikuwa mama mwenye duka la sare za shule maeneo ya Roysambu. Ilikuwa mwanzoni mwa Januari, wiki ambayo wazazi wananunua. Alinipa shilingi 6,000 nimtangazie Google. Niliweka neno "uniform" na nikaacha mpangilio unaoiruhusu Google kuonyesha tangazo hata kwa maneno yanayokaribiana tu na lako. Siku nne baadaye pesa zilikwisha. Simu zilikuwa zimelia kweli, lakini mama alinipigia akaniambia kwa upole, "Kijana wangu, hawa watu wananiuliza kama nina kazi ya askari." Nilipofungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa nikaona: sare za walinzi, sare za wauguzi, kazi za ulinzi, kazi Nairobi. Watu waliokuwa wakitafuta ajira walibofya tangazo lake, na kila mbofyo ukamla pesa. Tena nilikuwa nimeacha eneo kama lilivyokuja, kwa hiyo tangazo lilionekana hata kwa watu wasiokuwa Nairobi ambao walionyesha tu kupendezwa na Nairobi.

Nilimrudishia shilingi 6,000 zote kwa M-Pesa usiku uleule. Haikuwa rahisi, ilikuwa Januari kwangu pia. Kisha nikamwomba aniamini wiki moja zaidi, bila malipo, na bajeti ya shilingi 200 kwa siku. Nikaweka maneno kamili ambayo mzazi huandika, pamoja na majina ya shule za karibu. Nikaongeza maneno ya kuzuia, yaani mtu akiyaandika tangazo lisionekane: kazi, ajira, askari, nesi. Nikachora eneo kuzunguka duka na kuchagua watu waliopo humo tu. Simu zilipungua, na waliopiga walikuwa wazazi. Bado ni mteja wangu.

Tangu siku hiyo nina sheria ambayo sijaivunja. Chochote ambacho sijawahi kukifanya, nakifanya kwanza kwenye blogu yangu, kwa shilingi 500 zangu. Aina mpya ya tangazo, kichwa cha makala kilichobadilishwa, fomu ya kujiandikisha kwa barua pepe: vyote vinapita pale kabla ya kugusa pesa ya mtu mwingine. Pesa ya mama mwenye duka dogo ni ada ya mtoto. Mtu akikwambia funga blogu ili upate muda wa wateja, mwulize basi makosa yako utayafanyia wapi.

Blogu hiyo nusura niipoteze kwa sahihi. Kampuni iliyoniajiri, huko Westlands, iliniletea mkataba wenye kifungu kinachosema kila ninachoandika wakati wa ajira ni mali yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwajiri haki ya kazi uliyoifanya katika shughuli za ajira yako, na hilo ni sawa. Kifungu kile kilivuka hapo kikaingia hadi usiku wangu na Jumapili zangu. Niliomba kiongezwe sentensi moja: kwamba blogu, ninayoiandika kwa muda wangu, kwa vifaa vyangu, bila habari za wateja wao, ni yangu. Walikaa nayo wiki nzima. Nilikuwa na hofu, lakini walikubali. Usione haya kuomba sentensi hiyo. Na anwani ya blogu, iwe .co.ke au nyingine, iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako binafsi, kamwe isiwe ya kazini.

Kuhusu kuitia pesa blogu, nina msimamo mkali. Ukishaijua kazi ya matangazo, vidole vitakuwasha kuigeuza blogu nzima kuwa ubao wa matangazo. Muuza oili mmoja alitaka niisifu bidhaa yake kana kwamba naitumia, bila kusema nimelipwa. Nilikataa. Msomaji wangu anaweza kuwa dereva mwenye gari la mkopo, na injini ikifa familia inalala njaa. Makala yakilipiwa, nasema juu kabisa kwamba yamelipiwa. Pia ujue kwamba tangu Julai 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Weka hesabu zako sawa, na ukianza kujiajiri jiandikishe eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, mapema, kwa sababu kampuni nyingi hazitapokea ankara yako bila hiyo.

Jambo jingine litakufikia mapema. Utapewa orodha ya nambari za simu za watu waliolipa dukani kwa M-Pesa, uambiwe uwatumie ujumbe wa ofa. Usifanye. Mtu alitoa nambari alipolipia mkate, hakuomba matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini yake. Hata picha ni hivyohivyo: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Ninapokataa kazi ya namna hiyo, namweleza mteja njia nyingine: weka kibao kidogo kwenye kaunta, anayetaka kupata ofa aandike nambari yake mwenyewe. Orodha inakuwa fupi, lakini wanaojibu ni wengi.

Muda wa kuandika unatoka wapi? Wangu unatoka Jumamosi. Asubuhi bado nashuka mjini, natembea hadi Kirinyaga Road, mzee ananipa kiti nyuma ya kaunta na chai ya rangi. Nasikiliza. Jumamosi iliyopita aliingia kijana mwenye Probox, akasema, "Ikisimama kwa taa inatetemeka kama imeshikwa na baridi, ikitembea inatulia." Mzee alimwambia apeleke kwa fundi aangalie maunti zinazoishikilia injini kabla ya kununua chochote. Niliiandika sentensi ya kijana kama alivyoisema, neno kwa neno, nikapanda matatu ya Kayole, na jioni ikawa kichwa cha makala.