Thaimasi husinyaa au hudumaa?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Nyalenda, Kisumu. Tunaandaa kipeperushi kuhusu malaria na kinga ya mwili. Nimeandika hivi: "Wadudu wa malaria hudumaza tezi ya thaimasi, na seli za T hazikui." Mwenzangu amekataa "hudumaza", anataka "husinyaza". Nani yuko sawa?

JIBU: Mwenzako yuko sawa, dada, na hapa neno likikosewa habari yenyewe inakosewa.

Kudumaa ni kukwama kabla ya kufikia kimo. Mahindi yaliyopandwa kando ya mikaratusi kule Vihiga hudumaa. Mtoto aliyekosa chakula bora miaka yake ya kwanza hudumaa. Kilichodumaa hakikuwahi kuwa kikubwa. Kusinyaa ni kwa kitu kilichokuwa kimejaa, kisha kikapungua na kujikunja, kama parachichi lililokaa siku nyingi mezani pale soko la Kibuye.

Sasa tazama thaimasi. Ni tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo. Utotoni huwa nono, na baada ya balehe hupungua polepole kwa kila mtu, hata kwa asiyeugua. Maambukizi makali huiporomosha kabla ya wakati. Watafiti wameliona hilo kwa panya wa maabara walioambukizwa malaria, na pia kwa panya waliotiwa kimelea cha ugonjwa wa Chagas, ule wa Amerika ya Kusini. Seli changa zilizojaa ndani ya tezi hufa kwa wingi, na sababu mojawapo ni homoni ambazo mwili humwaga unapotaabika. Tezi ilikuwepo, ilijaa, ikanywea. Huko ni kusinyaa. Utapiamlo nao hufanya vivyo hivyo: thaimasi ya mtoto mwenye unyafuzi husinyaa, na akilishwa vizuri hujaa tena. Ndiyo maana "hudumaza" linanitia wasiwasi. Mama akisoma kwamba tezi ya mwanawe imedumaa, ataona mambo yamekwisha.

Na kwa kuwa habari hii ya malaria imetoka hasa kwa panya, kipeperushi kiseme hivyo waziwazi. Kiswahili kina kiambishi "hu-" cha mazoea, na msomaji akikutana na "husinyaza" bila maelezo ataelewa kwamba ndivyo inavyokuwa kwa kila mtoto anayeugua.

"Hazikui" pia ningeliondoa. Seli T, yaani chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili dhidi ya maradhi, haziingii thaimasi ili ziongezeke ukubwa. Huanzia kwenye uboho wa mifupa zikiwa mbichi, husafiri kwa damu hadi thaimasi, na humo hufundwa. Nimelichagua neno hilo makusudi. Kufunda ni kumwandaa mwali kwa maisha yanayomngoja, kama wavulana wa Kibukusu wanavyofundwa wakati wa tohara mwezi wa Agosti, miaka ya shufwa. Seli hufunzwa kutambua alama za mwili wake wenyewe, kisha hujaribiwa isije ikaushambulia mwili huo. Zaidi ya tisa katika kila kumi hazifuzu, nazo hufia humo humo. Kwa panya wenye malaria, baadhi hutoka kabla hazijamaliza mafunzo hayo. Kwa hiyo andika "hazijakomaa". "Hazijapevuka" si kosa, ila masikioni mwangu kupevuka kunamwelekea zaidi mtu na akili yake.

Kuhusu "wadudu": mtaani sote tunasema hivyo, lakini mbu naye ni mdudu, na katika kipeperushi cha malaria msomaji hatajua unamsema nani. Tumia "vimelea". Neno limetokana na "melea", yaani kumea juu ya kingine, na linabeba vilevile minyoo na vijidudu vya kichocho vinavyowaingia watu ziwani.

Usikubali kuibadili "thaimasi" iwe "tezi ya kidari" kila mahali. Herufi T ya seli hizo imetokana na jina hilo, na ukilifuta msomaji hataona uhusiano. (Wenzao, seli B, walipata herufi yao kutoka bursa, kifuko kilicho karibu na mkia wa kuku, ambamo seli hizo ziligunduliwa kukomaa.) Tena "seli T" inatosha, bila "za".

Mimi ningeandika: "Kwa panya, vimelea vya malaria vimeonekana kusinyaza thaimasi, na baadhi ya seli T hutoka humo kabla hazijakomaa." Mkiisoma kwa sauti mbele ya kina mama, ukifika kwenye "thaimasi" ongeza "tezi iliyo nyuma ya kidari", na uguse kidari chako ili waone mahali penyewe.