Mtoto wa miezi mitano na nusu, chumba kimoja na mabaki ya kitenge: nilivyofanya mimi

Dada, umesema una mtoto wa miezi 5 na nusu, mmepanga chumba kimoja Kimara hapa Dar es Salaam, likizo imeisha, na kila ukirudi jioni unamkuta binti wa kazi amemkalisha mtoto mbele ya simu anaangalia katuni. Midoli uliyonunua Kariakoo imekufa ndani ya wiki. Unauliza utengeneze nini kwa mikono yako bila gharama. Nimesubiri siku mbili nione kama kuna baba atakujibu, sijamwona, basi acha nijibu mimi.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tandika. Mke wangu ameajiriwa. Siku zake 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha akarudi kazini, na mimi ambaye ofisi yangu ni baraza la nyumba nikabaki na mtoto. (Zile siku 3 za baba zilizomo kwenye sheria ya kazi ni za mwenye mwajiri. Mwajiri wangu mimi ni mteja anayetaka gauni la sendoff Ijumaa.) Kwa hiyo usinichukulie kama mtaalamu wa malezi. Kila nilichotengeneza, nilikitengeneza ili nipate dakika kumi za kumaliza mshono.

Nilianza vibaya. Nilikesha usiku mara mbili nikishona kitabu cha kitambaa: kurasa sita, samaki wa satini, nyumba yenye mlango wa zipu, jua la kitenge cha njano. Mke wangu alikipiga picha akawarushia ndugu zake wote. Mtoto alikuwa na miezi 6 na kidogo, ndiyo kwanza anakaa akiegemea mto. Akakipokea, akatafuna pembe ya jua, akakitupa, akainama kuokota koni tupu (ile ya plastiki inayozungushiwa uzi) ya overloki, mashine ya kumalizia kingo za nguo, iliyokuwa imedondoka karibu na meza. Koni ile aliipiga sakafuni asubuhi nzima. Siku hiyo nikajua kitabu nilikuwa nimejishonea mwenyewe. Tangu hapo sikushona kitu kabla ya kuangalia mikono yake wiki hiyo inaweza nini: kushika, kuhamisha kutoka mkono huu kwenda ule, kupiga, kutoa kitu ndani ya kitu, au kufinya kwa vidole viwili.

Basi anza na koni. Nenda kwa fundi yeyote mwenye mashine ya overloki, muombe koni zilizokwisha uzi. Hutaulizwa hela, sisi tunazitupa. Chukua nane au kumi, zikague zisiwe na ufa, zioshe kwa sabuni, anika juani. Kwa mtoto wako wa sasa zitakuwa za kushika na kugonganisha. Akifika miezi 9 hivi utamwonyesha kuchomeka moja juu ya nyingine, atazibomoa kabla hujamaliza, na kubomoa ndio mchezo wenyewe. Baadaye nilimshonea pete za kitenge, mirija niliyoijaza mabaki kisha nikaiunganisha ncha, za kuvisha kwenye koni. Kile ambacho madukani kinauzwa kwenye boksi lenye picha ya mtoto wa kizungu, kwangu kilitoka kwenye takataka za kazi.

Wenye vichanga kabisa wanaosoma hapa, yenu ni fupi. Mtoto mchanga anaona vizuri kitu kilicho kama sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, na anachokipenda ni weusi na weupe vinavyokatana. Kata kipande cha kaniki, kishone juu ya bafta nyeupe, mistari minene, duara, basi. Mshikie mbele ya uso, msogezee polepole kushoto na kulia. Ukitundika kitu, kitundike mbali asikifikie, na kamba iwe fupi isiyoweza kuzunguka shingo. Na usisahau kwamba uso wako nao uko kwenye umbali huohuo unapomnyonyesha.

Kifudifudi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto ambaye bado hajaanza kujisogeza mwenyewe alazwe kwa tumbo akiwa macho, jumla isiyopungua dakika 30 kwa siku, kwa vipande vipande. Wangu alikuwa analia dakika ya pili tu. Mama mkwe ndiye aliyenitoa: alikunja kanga ikawa kama gogo, akaiweka chini ya kifua cha mtoto, mikono mbele, halafu naye akalala chini kwenye mkeka wakatazamana. Mtu mzima mwenye magoti mabovu, kalala kwenye mkeka! Mtoto akaacha kulia kwa mshangao. Tukawa tunaweka dodoki mbele yake, analifukuzia.

Sasa kikapu, ambacho kwako naona ndicho kitakachofanya kazi kubwa. Tafuta kikapu cha ukili kifupi, mtoto akikaa aweze kufikia ndani. Jaza vitu vya nyumbani visivyo vya plastiki. Changu kilikuwa na upawa, mwiko mdogo, dodoki kavu, kifuu cha nazi nilichokisugua kwa msasa mpaka ndani na ukingoni, brashi mpya ya kufulia, mkebe wenye mfuniko usiofunguka, kipande cha ngozi ya mkoba, limau zima, na kawa ndogo ya kufunikia chakula. Kila kimoja kina uzito wake, harufu yake, sauti yake. Unamweka mtoto, unakaa karibu, unanyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo tunaposhindwa wengi, tunataka kumwonyesha. Mwache. Wangu alitumia kama robo saa kwenye upawa peke yake, akiugeuza aone upande ule wa pili kuna nini. Kila Jumapili badilisha vitu viwili vitatu, vingine vifiche, vikirudi baada ya wiki mbili vitakuwa vipya. Limau badilisha kila baada ya siku mbili, maana litatafunwa. Kabla ya kuweka chochote, kipitishe kwenye bomba la karatasi la tishu ya chooni: kikipita, hakifai, kitamkaba. Kipimo hicho ni cha kila kitu, si cha kikapu tu, na vifuniko vya chupa za maji ambavyo watu wanapenda kuvitunga kwenye uzi vinapita bila shida.

Mpira nitauelezea kifundi kwa sababu ndio ulioishi muda mrefu kuliko vyote. Kata vipande sita vya umbo la jani, au la kipande cha chungwa: urefu sentimita 21, upana katikati sentimita 8. Hapo nimeshaweka sentimita moja ya mshono kila upande. Utapata mpira wa karibu sentimita 12. Tumia vitenge vya rangi tofauti, na kimoja kiwe cha kodrai au taulo ili mkono ukutane na kitu kingine. Unganisha vitatu vitatu, kisha nusu mbili zikutane, acha mwanya wa vidole vinne. Kama huna cherehani, shona kwa mkono kwa kurudi nyuma kila hatua, uzi mara mbili. Geuza, jaza mabaki ya vitambaa vilivyokatwa vidogo, au fulana ya zamani. Usiushindilie sana, mpira mgumu mtoto wa miezi 6 hawezi kuubana. Funga mwanya, pita juu mara ya pili. Kila mwisho wa juma uvute mishono yote kwa nguvu kama mteja mkorofi anayekagua suruali.

Ndani ya mpira wetu kuna sauti, na sauti hiyo ina historia yake. Mwanzoni nilifanya kama wengi: chupa ndogo ya plastiki, choroko ndani, mfuniko, kayamba tayari. Alikuwa na miezi 10. Niko kwenye mashine nasikia chaka chaka, moyo umetulia, sauti inaniambia mtoto yupo. Mara kimya. Kugeuka, mfuniko uko huku, choroko zimetapakaa mkekani, na yeye anatafuna kitu. Akaanza kukohoa. Kukohoa kwenyewe ndiko kulikomuokoa, kwa sababu anayekohoa kwa nguvu anapata hewa, na alizitema mbili mwenyewe kabla sijamfikia vizuri. Gauni la mteja niliyekuwa namshonea lilichelewa siku hiyo, mikono haikutulia. Kayamba la siku hizi ni hivi: chupa, gundi kali kwenye nyuzi za mfuniko, funga, acha ikauke usiku kucha, halafu chupa nzima inazikwa katikati ya mpira na kushonewa humo. Sauti inakuwa ya chini kidogo. Vizuri tu, majirani wa chumba cha pili wamenishukuru.

Kwa hilo hilo la kukaba: midoli ya kitambaa isiwe na macho ya vifungo. Tarizi macho kwa uzi. Na ile midoli ya kuimba, angalia kama kidude cha betri kimefungwa kwa skrubu. Vile vibetri bapa kama sarafu mtoto akimeza vinaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili tu, hiyo si ya kusubiri kesho, ni kukimbilia hospitali. Wale tuliokua tukicheza mipira ya rambo tusirudishe kumbukumbu hizo kwa watoto. Mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na mtoto mchanga na nailoni havikai pamoja. Unga wa kuchezea wenye chumvi nyingi nao uache mpaka awe mkubwa, kwani kwa umri huu kila kitu kinaliwa, na chumvi kiasi kile ni hatari kwake.

Akitimiza miezi 6 na kuanza kula, chakula ni rangi. Tulichukua uji mzito wa mchele, nusu tukautia bizari kidogo, nusu tukaukamulia maji ya mchicha uliochemshwa, tukamwaga vijiko viwili viwili kwenye sinia, mtoto na nepi yake tu. Anachora, anakula, anachora. Bizari haitoki kwenye shuka, hilo nimeambiwa kwa sauti ambayo hadi leo naikumbuka. Fanyieni uani, mwogesheni papo hapo.

Na joto letu hili la Januari na Februari, umeme ukikatika na feni ikasimama, hakuna mchezo unaoshinda beseni. Maji ya kina cha vidole viwili, kikombe, upawa, kichujio cha chai cha plastiki. Lakini hapa mkono wako usitoke kwenye mwili wake. Mtoto anaweza kuzama kwenye maji machache hivyo, na anazama kimya. Simu ikiita iache iite, mteja akibisha hodi mwambie asubiri, ukimaliza mwaga maji yote.

Kuhusu binti wa kazi, nikwambie jambo kwa heshima. Simu anayoitoa si uvivu. Ana vyombo, ana nguo, ana mtoto, na mikono miwili. WHO hao hao wanasema chini ya mwaka mmoja asiangalie skrini kabisa, lakini ukimpokonya simu bila kumpa kitu kingine utakuwa umemwonea. Mpe kikapu. Kaa naye Jumamosi moja mkicheza wote watatu, aone mtoto anavyokaa na upawa wake. Mpe boksi kubwa la kadibodi la feni au la televisheni, atie mtoto na mto nyuma ya mgongo, alisogeze nalo popote anapofanya kazi, akiosha vyombo mtoto anamwona na anasemeshwa. Na mwambie amwimbie nyimbo za kwao. Wa kwetu alikuwa anaimba za Kigogo, na mtoto alikuwa akiisikia sauti yake tu mlangoni anaanza kurusha miguu.

Mwanangu sasa ana mwaka na miezi 2. Koni amezichoka, mpira anautoa tu akiona mtoto mwingine anautaka. Anachotaka ni futi yangu ya kupimia. Nimemshonea ya kwake kwa ukanda wa bitana, fupi isiyotosha kuzunguka shingo, nikachora mistari kwa kalamu. Jana alimfuata mama mmoja aliyekuja na kitenge, akampima goti, akanigeukia akaniambia "tatu". Kila kitu kwake ni tatu. Mama yule akasema basi nishone kwa kipimo hicho.